Mnyororo wa Kivuko cha Mazinde

Kila Ijumaa Fatu alimpelekea baba yake chakula kwenye kivuko cha reli, pale barabara ya shamba la mkonge inapokatiza njia ya treni. Mzee Mbwana ndiye aliyekuwa mlinzi. Treni ikikaribia, alifunga mnyororo barabarani na kusimama na bendera yake nyekundu. Ni kazi rahisi kuitazama, lakini ole wa anayeisahau.

Ijumaa ile Fatu alikuta kibanda kitupu. Hakushangaa. Baba alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, maana treni ya mizigo ilizoeleka kupita alasiri. Mazoea yana taabu. Kabla hajatua bakuli, honi ya treni, iliyowahi siku hiyo, ililia kutoka upande wa Mombo.

Barabarani lilikuwa linakuja trekta likivuta tela lililojaa wakata mkonge wakiimba. Kwa ngurumo ya trekta, dereva wake asingesikia kitu. Fatu alikimbia barabarani. Aliuvuta mnyororo, ukamponyoka, akaukamata tena na kuutia kwenye ndoano yake. Kisha alinyakua bendera akaipunga kwa nguvu zake zote. Trekta lilisimama karibu kabisa na mnyororo. Treni ikapita ikitetemesha ardhi, na hakuna aliyeimba tena.

Mzee Mbwana alifika mbio, kanzu ameikunja mkononi. Alipoelewa yaliyotokea, alimvuta binti yake kando.

"Dereva wa treni ataripoti kuwa kaona mtoto," alisema. "Ukiulizwa, mwanangu, sema nilikuwa chooni. Kazi hii ikienda, tutakula nini?"

Jumatatu alikuja mkaguzi wa reli, Bi. Fausta.

"Shikamoo, mama," Fatu alisalimia.

"Marahaba. Haya, niambie, baba yako alikuwa wapi?"

Fatu alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Alimwonea huruma mno. Lakini aliwakumbuka watu wale kwenye tela.

"Baba aliniambia niseme alikuwa chooni. Alikuwa msikitini. Na chooni nako akienda, mama, hakuna anayebaki hapa."

Bi. Fausta alimgeukia mlinzi. "Mzee Mbwana, uko peke yako kutwa nzima?"

"Niliomba mwenzangu zamani. Nikaambiwa nisubiri."

"Umekosea kuondoka bila kuaga, na kumfundisha mtoto uongo ni vibaya zaidi. Utapewa onyo. Lakini treni ni yetu, na kivuko ni chetu. Hatuwezi kumwachia mtu mmoja roho za watu wote hawa, halafu tumlaumu kwa kuwa binadamu."

Alitoa simu palepale akadai mlinzi wa pili. Alhamisi akaletwa Eliasi.

Ijumaa Mzee Mbwana alimkabidhi Eliasi bendera, akaenda kuswali kwa utulivu. Aliporudi alikaa karibu na binti yake.

"Fatu, niliogopa kukosa ugali, nikasahau kwamba wenzetu wangekosa uhai. Siku nikikuambia tena useme uongo, nikatalie, hata kama mimi ni baba yako."