Mrija Wangu Ndani ya Begi la Oboth

Nilimwita kijana wa watu muuaji mbele ya chungu cha ajono, wazee wote wakisikia. Hakuwa na kosa.

Naitwa Okedi, wa Molo, Tororo, Uganda. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo nitawaeleza bila kupamba.

Ajono ni pombe yetu ya ulezi. Tunaketi kuzunguka chungu kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu. Mrija wa mtu haushikwi ovyo. Anayetaka kukuwekea sumu ataanzia hapo...

Sasa wangu ukapotea. Huwa nautundika juu ya mlango. Jumapili natoka kanisani, haupo.

Nikamuuliza binti yangu Amulen, aliyemaliza sekondari mwaka jana.

"Mrija uko wapi?"

"Sijui, Papa."

Alijibu akiangalia ndoo, si mimi. Kisha akaenda kuchota maji.

Rafiki yake Patience alikuwa uani anamenya muhogo. Hao wawili wamekula sahani moja tangu utoto. Akanisogelea.

"Papa Amulen, usiseme ni mimi."

"Sema."

"Uko kwa Oboth wa Osukuru. Ndani ya begi lake."

"Oboth gani?"

"Yule wa Amulen..."

Jamani, hata sikujua binti yangu ana mtu! Nikaunganisha mwenyewe: kijana anamtaka, anajua nitakataa, anataka kuniondoa njiani.

Jioni tulikuwa kwa jirani yangu Okware, chungu kimejaa. Oboth akaja mwenyewe, begi begani, akasalimia kwa adabu.

"Mzee Okedi, nilikuwa nakutafuta."

Nikampokonya begi. Mrija wangu ulikuwa juu kabisa, una alama mpya ya kisu.

"Huu ni wa nani?"

"Ni wako, mzee. Naomba nieleze..."

"Ueleze sumu? Muuaji wewe!"

"Kumbe ndiyo maana tumbo linakusumbua tangu Krismasi," Okware akasema, akachomoa mrija wake chunguni haraka.

Wazee wakamfukuza hadi barabarani. Hakuna aliyethubutu kunywa tena. Okware akamwaga chungu kizima.

Amulen alifika mbio, Patience nyuma yake. Hakunisalimia. Akaingiza mkono ndani ya lile begi lililobaki kwangu, akatoa mrija mwingine. Mpya. Chujio la nchani limesukwa vizuri, uzi mwekundu umezungushwa shingoni. Akaulaza kando ya wa zamani.

Urefu mmoja.

"Mimi ndiye niliyempa wako, Papa. Alitaka kipimo, ndiyo hiyo alama ya kisu. Kila mzee mrija wake unakatwa kwa umbali wa kiti chake. Alisema hawezi kuja kujitambulisha na mrija mfupi kama wa mtoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa zawadi. Leo alikuwa anakuletea yote miwili. Nilimwambia Patience peke yake."

Sote tukamgeukia Patience.

Alikuwa anaangalia ile pombe inavyozama kwenye vumbi.

"Mimi ndiye niliyempenda kwanza," akasema. "Tangu kidato cha pili. Wewe hukuniuliza hata siku moja, Amulen."

Asubuhi nilienda Osukuru kuomba msamaha. Mama yake, Awor, alinipokea amesimama. Kiti hakutoa.

"Maneno yako yamefika kabla yako," akaniambia. "Mwanangu anaishi kwa kusuka mirija. Nani ataweka mdomo kwenye mrija wa muuaji?"

"Yuko wapi, mama?"

"Amevuka Busia, upande wa Kenya. Anabeba magunia mpakani."

Nilipiga magoti mbele ya mwanamke yule, mimi na mvi zangu. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ninyi wenye mabinti, nisikilizeni. Mtu akikuletea siri sikioni, jiulize anapata nini. Na unayemshtaki, mwache amalize kusema. Oboth aliomba kueleza. Ingemchukua muda wa funda moja la pombe.

Sasa ilichogharimu. Oboth amepoteza kazi ya mikono yake. Amulen amepoteza mpenzi wake wa kwanza, na yuko kwa shangazi yake Caro, simu zangu hapokei. Patience hana rafiki, akiniona anakata kona. Mimi nina mirija miwili juu ya mlango. Ule mpya sijauweka mdomoni. Na hakuna chungu ninachoitiwa.