Video ya Usaili wa Gaudensia

Kiangazi, nyumbani kwa mzee Wilbroad pale Itetemia hakuna anayekaa bure. Mzee anakagua mizinga yake ya nyuki porini. Mkewe, Bernadeta, anakata viazi vitamu vipande vipande na kuvianika viwe michembe. Binti yao Gaudensia humsaidia mama asubuhi, kisha huvaa vizuri na kwenda mjini Tabora kutafuta kazi. Alisomea kazi za hoteli. Cheti anacho, ajira hana. Na kutafuta ajira siku hizi, wenyewe mnajua, ni kazi kuliko kazi yenyewe.

Siku moja akapigiwa simu. Hoteli moja mjini ilitaka mtu wa mapokezi, naye aliitwa kwenye usaili. Bernadeta alifurahi sana, akampigia pasi sketi yake.

Mwenye hoteli aliitwa Adinani, mtu mzima, umri wa baba yake. Gaudensia alipoingia ofisini alifanya kama alivyolelewa na wazazi wake Wanyamwezi. Alipiga magoti, akainamisha macho, akasema shikamoo. Maswali yote aliyajibu, na aliyajibu vizuri, lakini macho hakuyainua. Kwao, mtoto hamkazii macho mkubwa. Adinani alikuwa ameegesha simu mezani. Alisema anarekodi kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi. Gaudensia akakubali. Angesemaje, naye anaomba kazi?

Jioni ile ile video ikawa mtandaoni. Adinani aliandika juu yake: "Huyu anaomba kazi ya mapokezi au amekuja kutambika? Vijana wa leo hawaajiriki." Chini akabandika barua ya maombi ya binti wa watu, jina lote na namba ya simu vinasomeka.

Watu wakacheka. Jamani, watu wanapenda kucheka! Na wengine ni hao hao wanaowagombeza watoto wao kwa kutoamkia. Namba ngeni zikaanza kupiga. Huyu anatukana, yule anatongoza. Gaudensia akazima simu, akajifungia chumbani. Jumapili hakwenda kanisani. Chama cha wafuga nyuki kilikuwa kimemwita kwenye usaili mwingine, kinataka karani. Akasema haendi.

"Nikiingia tu watasema ndiye yule wa magoti," alimwambia mama yake. "Nimekwisha, mama."

Sasa sikilizeni kilichoniudhi zaidi. Nyumba nzima iliamini kuwa aliyekosea ni mtoto. Bernadeta alijilaumu kwa kumfundisha adabu za kijijini. Mzee Wilbroad akasema mwenye nguvu mpishe, na mkubwa akikasirika huombwa radhi, ndiyo desturi. Akajaza asali safi kwenye dumu, akalifunga nyuma ya baiskeli. Yaani aliyetukanwa ndiye ampelekee zawadi aliyetukana!

Bahati nzuri, njiani akakutana na jirani yao, Theodora. Mama huyu ni msaidizi wa kisheria pale katani. Amepewa mafunzo, na huwaelekeza watu mambo ya mirathi, ndoa na ardhi. Akauliza asali inakwenda wapi. Mzee akaeleza. Theodora akaushika usukani wa baiskeli.

"Baba Gaudensia, mwanao amemkosea nini huyo bwana?"

Mzee akafikiri. "Alipiga magoti."

"Na kumheshimu mtu kumekuwa kosa lini? Heshima si utumwa. Geuza baiskeli, turudi."

Nyumbani Theodora aliketi na Gaudensia, akamweleza taratibu. Mwajiri anaweza kukuuliza maswali. Anaweza hata kukunyima kazi. Hana haki ya kukufanya kichekesho cha watu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina lako, namba yako, picha yako na sauti yako ni taarifa zako. Ulimpa ili akupime kwa kazi. Hawezi kuzigeuza kwa shughuli nyingine anayoitaka yeye bila ridhaa yako. Na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hii.

"Lakini mimi nilikubali anirekodi," Gaudensia alisema.

"Ulikubali kwa kumbukumbu za ofisi. Hukukubali kutangazwa. Mgeni ukimkaribisha sebuleni, hujampa ruhusa ya kubeba viti."

Gaudensia alitaka kumtukana Adinani huko huko mtandaoni. Theodora akamkataza. Ukitukana, kesi inakugeukia wewe. Kwanza hifadhi ushahidi kabla mwenyewe hajaufuta. Piga picha ya ukurasa, jina la mwenye ukurasa na tarehe vionekane. Tunza ujumbe wa matusi na namba zilizoutuma. Kisha mwandikie aondoe, na ubaki na nakala. Akikataa, peleka malalamiko kwenye Tume. Mtu akikutishia, nenda polisi.

Walipokuwa wanahifadhi ushahidi, wakaona makubwa. Ukurasa wa Adinani ulijaa watu. Kijana wa Ulyankulu alichekwa kwa lafudhi yake. Mama mmoja alichekwa kwa kuja na mtoto mgongoni. Walikuja kuomba riziki, wakageuzwa burudani. Gaudensia aliwatazama mmoja mmoja. Siku zote hizo alijiona mshamba. Sasa hasira ikampanda, hasira ya haki.

"Leo hii namwandikia," akasema.

Adinani alijibu kwa kiburi kwamba ukurasa ni wake. Theodora akamsaidia Gaudensia kuandaa malalamiko, wakamtumia Adinani nakala. Hapo kiburi kikaisha. Akaomba wakutane ofisini kwa mtendaji wa kata. Gaudensia akaenda na baba yake na Theodora. Adinani alifika anacheka, eti ulikuwa utani wa kuwaelimisha vijana. Akasema ataifuta video ya Gaudensia, yaishe.

"Yangu peke yake sitaki, mzee," Gaudensia alisema. "Futa zote. Na utuombe radhi pale pale ulipotudhalilisha."

Adinani akamtazama mtendaji. Mtendaji akasema binti amesema kweli. Basi Adinani akafuta, moja baada ya nyingine, watu wanamwangalia. Kisha akaandika radhi, ikasomwa kwa sauti kabla hajaituma. Theodora akamkumbusha kuwa ushahidi bado upo.

Adinani akaona amalize vizuri. "Jumatatu njoo uanze kazi," akamwambia Gaudensia. Mzee Wilbroad alimgusa bintiye mkono, maana kazi ni kazi.

"Asante, mzee," Gaudensia akasema. "Kwako niliomba kazi, ukanipa aibu. Sasa naomba kwingine."

Asubuhi yake alivaa, akaenda kwa wafuga nyuki. Aliomba radhi kwa kutofika siku aliyoitwa, wakakubali kumsikiliza. Mwenyekiti alimtazama sana, kisha akauliza kama si yeye yule wa kwenye video.

"Ndiye mimi," Gaudensia akajibu. "Na aliyenirusha ameshaniomba radhi. Kama mna maswali ya kazi, niko tayari."

Wakamuuliza ya kazi. Akayajibu, wakamwajiri.