Nyumba Iliyotoka Kwenye Kopo

Foleni ya sukari pale Kisarawe, mwaka wa sabini na sita, watu waligandana. Kitwana, mwanachuo kutoka Kibaha, akamkanyaga binti wa mbele yake kwa raizoni, kiatu chake cha soli nene.

"We kaka! Suruali lako la bugaluu linafagia njia, miguu huioni?"

"Samahani, dada. Nina mawazo ya takwimu."

"Takwimu ndiye nani? Mchumba wako?"

Kitwana akacheka. Binti, Siwema, ambaye Kitwana hakumuuliza jina, alijifunga khanga mpya inayonukia udi. Sukari ikaisha hawajaipata, wala hawakuona uchungu.

Hiyo takwimu ilimchanganya Kitwana kweli. Mwalimu Bernard wa chuoni aliwaagiza waandike nyumba za mji wa Kisarawe kwenye vikaratasi, watie koponi, wafumbe macho, wachote. Chache zitakazotoka zisemee zote. "Ukichagua mwenyewe, umeharibu," alisema. Zitasemeaje zote? Kitwana hakuelewa, lakini alichota, akaenda kupiga hodi.

Katika nyumba mojawapo, mama mwenye nyumba akamketisha mkekani. Kitwana akauliza kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, mama. Una mabinti wangapi? Ambaye hajaolewa yupo?"

Mama akajitanda khanga vizuri. Kwao, kijana mgeni haulizi hayo bure.

"Marahaba. Yupo mmoja, Siwema. Rudi na wazee wako, baba."

Kitwana akaduwaa. Wazee wa nini tena? Akaandika hivyo hivyo, akaaga.

Siwema aliposikia habari za kijana wa bugaluu, alimfuata mbio kituo cha basi.

"Una haraka wewe! Haya, mama kakubali."

"Kakubali nini?"

"Si umekuja kuniposa?"

"Mimi? Nyumba yenu imetoka kwenye kopo tu! Nilifumba macho!"

Uso wa Siwema ukasinyaa. "Kwa hiyo ingetoka ya kina Mboni, ungemuuliza Mboni." Akaenda zake, hakugeuka.

Huko Kibaha, Kitwana kila akitafuta wastani anapotea. Nyumba zote alizozihoji zimemtoka kichwani, imebaki moja. Mbona hiyo haisemei nyingine yoyote?

Ijumaa, baada ya swala, akarudi Kisarawe na baba yake mdogo, mzee Mwinshehe wa Mlandizi. Mzee akatangulia ndani. Siwema akaziba mlango, kanuna.

"Kopo liko wapi leo?"

"Nimeliacha chuoni. Leo nimekuja macho wazi."

"Na mwalimu wako?"

"Atasema nimechagua mwenyewe, nimeharibu."

Siwema akauma pindo la khanga, cheko likamponyoka. Akasogea pembeni.

"Haya, haribu. Mkeka umeshatandikwa."