Mbio Mbili, Kisigino Kimoja

Mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa fundi cherehani, lakini kukaa kitako kulimchosha kuliko kukimbia. Alfajiri anakimbia, kisha anafungua chumba chake cha kazi na kukanyaga cherehani mpaka jua linazama. Hata chai anainywa amesimama.

Wiki ile hakutulia kabisa. Jumamosi kulikuwa na mbio za kilomita kumi. Mwaka uliopita muuza mayai wa sokoni alimpita mwishoni kabisa, na hilo lilimkaa rohoni mpaka leo. Jumapili kulikuwa na mbio nyingine, fupi, za kilomita tano. Hizo alikuwa ameahidi kukimbia na wifi yake.

Wifi alikuwa na presha. Daktari alimshauri aufanyishe mwili mazoezi. Akaanza kwa kutembea, halafu kukimbia kidogo kidogo. Sasa daktari amemruhusu kushiriki mbio zake za kwanza.

"Nisipokuona pembeni yangu, nageuza narudi nyumbani," wifi alimwambia. "Sitaki kuchekwa peke yangu."

Kiguu na Njia alijua kwamba si mzaha. Wifi akirudi nyumbani siku hiyo, viatu vya kukimbilia hatavivaa tena.

Tatizo lilikuwa kisigino cha kulia. Nyuma, kwenye ule mshipa mnene, palimuuma kila alipoamka. Hatua za kwanza alichechemea, kisha maumivu yakapungua. Alijipaka dawa ya kuchua. Aliacha kukimbia siku kadhaa. Hakuona nafuu.

Alhamisi alikuwa kwenye cherehani, kidonge cha maumivu kikiwa mezani, akiapa atakimeza Jumamosi asubuhi. Jirani yake akaingia kuchukua suruali. Jirani huyu alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kituo cha afya.

"Shikamoo, dada. Mguu vipi?"

"Marahaba. Mguu mkaidi huu. Nimeupumzisha wiki nzima na bado unauma."

Jirani aliinama. Alikuwa anatazama chini ya meza. Mguu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kwenye pedali, kisigino juu, kisigino chini.

"Huku ndiko kuupumzisha?" akauliza.

Kiguu na Njia akauangalia mguu wake. Ukasimama.

"Lakini nimekaa," alisema.

"Wewe umekaa. Kisigino kinakimbia kutwa nzima."

Jirani akamwomba asimame kwa mguu huo na kuinua kisigino. Aliweza, ila kwa kukunja uso. Jirani akabonyeza taratibu. Hapakuwa na uvimbe.

"Ni kano, huu mshipa mnene, limechoka," akasema. "Halijakatika. Ukilipumzisha litapona. Ila hicho kidonge kiweke mbali. Maumivu yanakuambia wapi pa kusimama. Ukiyanyamazisha ili ukimbie, utapita hapo bila kujua."

"Kwa hiyo nisikimbie?"

"Mbio zipi ni muhimu kwako zaidi?"

Alitaka kusema zote. Wifi, aliyekuwa amekaa pembeni akishona vifungo, akadakia, "Mshika mbili moja humponyoka, wifi yangu."

Kiguu na Njia alimwona akilini muuza mayai akicheka. Roho ikamuuma.

"Za Jumapili," akasema mwishowe.

"Basi Jumamosi kaa nje," jirani akasema. "Jumapili asubuhi tembea kwanza. Ukichechemea, hukimbii. Usipochechemea, anza polepole. Maumivu yakizidi kila unavyokwenda, acha kukimbia. Yasipoisha baada ya wiki mbili, au pakivimba, njoo kituoni. Ukisikia kitu kimekatika, njoo siku hiyo hiyo. Na pedali hii mwachie mwingine."

Mwingine huyo akawa wifi. Ijumaa alikanyaga yeye, Kiguu na Njia akakata vitambaa na kumsimamia.

"Mshono wako umelewa, wifi."

"Na fundi wangu ana kelele," wifi akajibu.

Jumamosi ilikuwa ndefu kuliko mwezi. Alikwenda kutazama. Muuza mayai alipopita mbele, alimpungia mkono. Kiguu na Njia alikuwa kama amekalia kaa la moto. Mara mbili alipiga hatua kuelekea barabarani, mara mbili akarudi. Hakuna aliyempongeza. Alirudi nyumbani amenuna, akala vizuri, akanywa maji, akalala mapema huku bado amenuna.

Jumapili alitembea hadi mwanzo wa mbio. Hakuchechemea. Wifi alimshika mkono.

"Usiniache," wifi akasema.

"Sikuachi."

Walianza polepole, wakiongea. Mwendo ule ulimkera Kiguu na Njia. Miguu ilimwasha, akatamani kuchomoka, akajizuia. Walipita nusu ya njia. Ndipo kisigino kikaanza kumvuta. Alipunguza mwendo. Kikazidi.

Angeweza kuvumilia. Nani angejua? Lakini alijua hatua iliyokuwa inafuata, na wiki zote za maumivu baada yake.

"Wifi, mimi natembea sasa. Wewe nenda."

Wifi akasimama. "Ulisema huniachi."

"Sijakuacha. Niko kwenye barabara hii hii, nyuma yako. Kifua kiko sawa? Pumzi unayo?"

"Ninayo."

"Basi nenda, mama. Usiponiona, jua nakuja."

Wifi alimtazama, akatazama barabara. Kisha akaenda. Mwanzoni aligeuka kila baada ya hatua chache. Kisha akageuka mara moja tu. Kisha hakugeuka tena.

Kiguu na Njia alitembea katikati ya wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Maisha yake yote alichukia kuachwa nyuma. Siku hiyo aliutazama mgongo wa wifi yake ukizidi kuwa mdogo, na machozi ya furaha yakamtoka.

Wifi alimsubiri kwenye mstari wa mwisho, jasho likimtiririka.

"Umechelewa," akamwambia. "Kesho nakanyaga mimi tena. Wewe kaa."

Na Kiguu na Njia akakaa, mpaka kisigino kilipopona.