Kikohozi Ndani ya Seva

Kilianza kikohozi. Kikavu, kifupi, chenye mluzi mwishoni, kikitoka kwenye seva ya hospitali mchana kweupe, watu wakiwa wameenda kula. Fundi, kama wote walivyomwita mwanamke aliyeunda mfumo wa mafaili ya wagonjwa, akajiambia ni feni. Alikuwa na digrii. Majini aliwaachia wasio nayo.

Kisha skrini ya mapokezi ikaandika, chini ya jina la kijana aliyevunjika mkono: Mzio: penisilini. Na chini ya mjamzito. Na chini ya mtoto mwenye surua. Kila mgonjwa, mzio ule ule.

 Fundi alimjua mwenye mzio ule.

Injini inayoendesha mfumo ule ni sahaulifu kwa asili: inapokea ombi, inajibu, inasahau yote, na ombi linalofuata linaikuta kama iliyozaliwa sasa hivi. Fundi ndiye aliyeifundisha kukumbuka. Ili isihangaike kuchimbua mafaili kila mara, aliifanya iweke majibu kwenye kumbukumbu yasubiri ombi lijalo, ila hakuyabandika namba ya mgonjwa. Basi wiki chache kabla, lilipofunguliwa faili la bibi wa kitanda cha dirishani, yule wa kikohozi cha mluzi, injini ikatoa jibu la mgonjwa aliyemtangulia: Mzio: hakuna. Muuguzi akasoma, akamchoma sindano ya penisilini. Bibi hakuiona jioni.

Fundi alirekebisha kosa kimyakimya, akazima injini, akaiwasha, kumbukumbu ikafutika. Alipoulizwa, akasema mfumo hauna tatizo. Muuguzi akafukuzwa kazi.

Sasa akazima tena, akawasha. Mzio: penisilini. Akang'oa kabisa ule msimbo wa kukumbuka, akazima, akawasha, na chumba kikaanza kunuka spiriti na shuka la mgonjwa, na kikohozi kikaja, safari hii si ndani ya seva bali nyuma ya kiti chake, karibu na sikio, kikifuatiwa na pumzi ndefu kama ya mtu anayetaka kusema jambo na hapewi nafasi, naye Fundi akabaki hivyo hivyo, huku vidole vikitafuta namba ya shangazi yake mtoa majini, ambaye Fundi alikuwa akimcheka tangu yuko chuo.

Shangazi akaja na ubani wake. Akanusa hewa, hakuuwasha.

"Mwanangu, hili dude lako halina kitu."

"Shangazi, kwani husikii?"

"Nasikia sana. Ila hakikai humo. Kinakaa kwa anayekumbuka na kunyamaza. Nani huyo?"

Fundi akanyoosha mkono kuizima injini tena.

"Haya. Mimi narudi na ubani wangu. Wewe kaseme."

Akaenda kwa mkurugenzi, akafunga mlango.

"Bosi, muuguzi hakukosea. Ni mimi." Akamweleza yote.

Mkurugenzi akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Shangazi anahisi tu."

"Basi yaishie hapa, mimi na wewe. Yakitoka, hospitali inafungwa. Yule muuguzi si ameshapata kazi kwingine?"

"Hajapata."

"Atapata."

Fundi alikuwa na la kujibu. Lilifika hadi ulimini. Akaitikia kwa kichwa, na nafuu ikamwenea mwilini, tamu, ya aibu.

Huko nje mapokezi wakashangilia: skrini zimekuwa safi.

"Unaona?" mkurugenzi akatabasamu. Akafungua mdomo kumuaga, akakohoa. Kikavu, kifupi, chenye mluzi mwishoni.