Mabinti Wawili wa Koplo Kasaine

Jumatatu moja ya Januari 1993, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, iligundulika kwamba faili la Koplo Kasaine limeibwa katika ofisi ya Mfuko wa Watoto wa Mashujaa, Kijenge, Arusha. Koplo, Mmaasai wa kijiji cha Oldonyo Sambu, alifia vitani Uganda mwaka 1979. Mfuko ulikuwa umekubali kumsomesha sekondari bintiye, Nanyori, na gari la shule lingeondoka saa nne. Ajabu ni kwamba akina Nanyori waliofika walikuwa wawili!

Inspekta Elizabeth Ndesanjo aliwakuta kwenye benchi moja, kila mmoja na sanduku lake la bati. Moyo ulimdunda kwa raha, maana kesi za kuku zilikuwa zimemchosha.

"Mwizi ndiye huyu, afande," alisema karani Ephraimu, akimnyooshea kidole msichana mwenye vumbi la Oldonyo Sambu hadi magotini. "Nimemkuta mlangoni nilipokuja kufungua, dirisha limevunjwa. Kaiba faili lenye picha ili tusimtambue mwenye haki."

Elizabeth alimgeukia msichana wa pili, mwenye viatu vipya. "Baba yako nani?"

"Koplo Kasaine, afande. Kasaine alifariki Aprili kumi na moja." Alijibu kama anayesoma ubaoni.

"Kimaasai unakijua?"

"Amekulia mjini kwa shangazi," Ephraimu aliwahi. "Hajui hata salamu."

Elizabeth akamwendea wa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako nani?"

Msichana aliinamia sanduku lake.

"Mtaje!"

"Ni... baba yake Yiamat."

Ephraimu aliangua kicheko. "Mtoto gani hajui jina la babake?"

Kusema kweli, Elizabeth alishaigusa pingu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hapo akamkumbuka jirani yake Nashilu, Mwarusha wa mila za Kimaasai aliyefiwa na mume. Miaka mitatu walichota maji bomba moja, na Elizabeth alikuja kulisoma jina la marehemu kwenye msalaba wa kaburi tu.

"Yiamat ni nani?"

"Kaka yangu. Kwetu aliyefariki hatajwi jina, mama. Nikilitaja nitamkosea baba."

Damu ilimsisimka Elizabeth kwa furaha. Akamrudia mwenye viatu vipya.

"Habari za baba yako alikupa nani?"

"Mama."

"Na mama yako hulitaja jina la mumewe?"

"Kila siku, afande."

"Mjane wa Oldonyo Sambu, amtaje marehemu kila siku! Karani, faili lilifika lini?"

"Ijumaa, kwa posta. Nililifungua mwenyewe."

"Habari za koplo zimo humo. Nani mwingine alilisoma?"

"Hakuna, ufunguo ninao mimi..."

Msichana wa viatu vipya aliangua kilio. "Baba, nilikwambia tutashikwa!"

Faili lilikuwa chini ya mto wa kiti cha karani. Picha ilikuwa ya msichana wa vumbi, haina ubishi.

"Nimepunguzwa kazi, afande," Ephraimu alisema, akitoa barua mfukoni. "Irine wangu hakuchaguliwa sekondari ya serikali, na shule za kulipia siziwezi. Dirisha nimelivunja mimi. Ningempeleka wapi mwanangu?"

Elizabeth alimwonea huruma, tena sana. Hata hivyo alimfunga pingu.

Nje honi ililia. Dereva wa shule alikuwa ameshika orodha mkononi. "Nanyori Kasai..."

"Inatosha!" Elizabeth alifoka hadi dereva akaangusha kalamu. "Nanyori, basi. Fungua mlango."

Nanyori alimshika Inspekta mkono kwa mikono yake miwili, akapanda na sanduku lake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alicheka.