Anayelala Chumbani kwa Mama

Mkoromo ulitoka chumbani, na mama yuko sebuleni. Hilo ndilo lililomgandisha msusi mlangoni aliporudi na chakula cha mchana.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amejiinamia kwenye mashine, macho mekundu. Tangu aanze dawa za saratani ya titi, usingizi ulimpa kisogo. Nyayo zinawaka moto, kichefuchefu hakimwachi, na vidonge vya usingizi alivimeza kama pipi tu. Daktari alishasema mwili usiopumzika hautahimili dozi inayofuata. Na msusi, jamani, hakuwa na mwingine duniani. Ndiyo maana kila aliposikia mkoromo nyuma ya mlango ule alizima redio, akawanyamazisha majirani, akanyata kama mwizi kwao mwenyewe, akiamini mama kalala.

"Mama, nani yuko ndani?"

"Anayelala usingizi wangu," mama alinong'ona. "Mimi hukaa kitini humo ndani namtazama. Ningekwambia, ungesema dawa zimenipanda kichwani."

Binti akachungulia, akaona shuka limefunika umbo, likipanda na kushuka taratibu, na mto umebonyea ingawa juu yake hapakuwa na kichwa, na chumba kizima kinanuka jasho la mama, lile lile alilolijua tangu anabebwa mgongoni.

Jioni akaletwa mganga, bibi mmoja mnene asiyependa mazungumzo. Alisikiliza kidogo, akamgeukia msusi kwa hasira. Alisema jini huyo hulishwa na ukimya, na wao ndio waliokuwa wakimbembeleza. Akaagiza kelele. Akaonya pia wasimwahidi kitu, hata kwa mdomo.

Wakapiga masufuria mpaka mikono ikafa ganzi. Umbo likaguna, likageukia ukutani, likajivutia shuka. Mama akaishiwa nguvu, akaanguka kwa magoti. Uchungu ukampanda msusi, akasahau yote aliyoambiwa.

"Mwachie mama. Chukua usingizi wangu."

Shuka likashuka, likalala tambarare. Mganga alikusanya vitu vyake bila kumtazama.

Mama alikuwa keshalala pale pale sakafuni, mdomo wazi. Msusi alimfunika kanga, akalia kwa furaha, kisha akaenda kujinyoosha kidogo chumbani kwake. Alipogusa kitasa, ndani kuna mtu alipiga mwayo mrefu, kwa sauti yake yeye mwenyewe.